Babu yetu na Wilson Kiprugut Chumo: undugu huu utathibitishwaje?

Mjukuu wa Likoni ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salamu kwenu nyote.

Ninaandika kumbukumbu za ukoo wetu kwa ajili ya watoto wa kaka na dada zangu, na sasa nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea bila msaada wa wenye ujuzi. Babu yangu mzaa baba alikuwa Mkipsigis wa Kericho. Aliondoka kwao akiwa kijana katika miaka ya 1940, akafanya kazi kwanza katika mashamba ya walowezi upande wa Nakuru, kisha akateremka Mombasa akawa kuli bandarini, akasilimu, akamwoa bibi yetu ambaye ni Mdigo wa Likoni, na hakurudi tena kuishi bara. Sisi wajukuu tumelelewa kwa Kiswahili na Kidigo. Kikipsigis hatukijui, na miongoni mwetu hakuna aliyewahi kulala hata usiku mmoja Kericho.

Shangazi yangu mkubwa, ambaye ndiye mtoto pekee wa babu aliye hai, anashikilia kwamba Wilson Kiprugut Chumo, yule mwanariadha, alikuwa ndugu yake babu. Anakumbuka kwamba mwaka 1964, habari zilipofika kuwa Kiprugut ameipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki kule Tokyo, babu alichinja mbuzi, akawaita majirani na kuwaambia kuwa huyo ni mtoto wa kwao. Mwaka 1968, Kiprugut alipopata medali ya fedha Mexico, babu aliyarudia maneno hayohayo mbele ya watu. Cheti cha ndoa cha babu kinataja jina la baba yake kuwa Chumo. Tena katika sanduku lake tumekuta picha ya askari wawili waliovaa fulana za michezo, na nyuma yake pameandikwa kwa penseli neno moja tu: Chumo.

Tangu Kiprugut alipofariki Novemba 2022, jambo hili limekuwa likizungumzwa sana nyumbani, na binamu zangu vijana wamekwisha kuandika mitandaoni kwamba sisi ni ukoo wake. Ningefurahi kupita kiasi ikiwa ni kweli, kwa sababu babu alikufa akiwa kama mtu asiye na kwao, na kupata jina kubwa kama hilo karibu na lake kungemrudisha kwa watu wake. Hata hivyo sitaki kuwaandikia watoto jambo ambalo halijathibitika, wala sitaki familia ya marehemu isikie kwamba kuna watu pwani wanaojinasibisha naye bila haki.

Naomba kuuliza, basi: je, jina Chumo pamoja na kauli ya shangazi vinatosha? Na kama havitoshi, nianzie wapi?

---

Mwalimu Mstaafu, Kericho amejibu:

Mwanangu, swali lako nimelisoma kwa furaha kubwa, kwa sababu wengi hujiunga na ukoo wa mtu maarufu kwanza na kuuliza baadaye. Nitakujibu kwa kirefu kuhusu jina, kwa maana hapo ndipo watu wa nje ya Ukalenjini, ambamo sisi Wakipsigis tumo, wanapopotea zaidi.

Kwetu sisi, mtoto akizaliwa hupewa jina linaloeleza hali ya kuzaliwa kwake. Kiprugut ni mvulana aliyezaliwa wakati wa njaa, kama vile Kiprop alivyozaliwa mvua ikinyesha na Kibet alivyozaliwa mchana. Majina hayo hayana ukoo ndani yake: kila mwaka wa njaa ulizaa akina Kiprugut katika kila bonde. Jina la pili ndilo linalokuhusu wewe. Kijana akishatahiriwa na kutoka jandoni aliitwa arap fulani, yaani mwana wa fulani, na huyo fulani ni baba yake mzazi. Kwa hiyo Wilson Kiprugut aliitwa arap Chumo kwa sababu ya baba yake. Kwa desturi ya zamani, wana wa Kiprugut wangechukua jina kutoka kwake yeye, si kutoka kwa Chumo. Jina lilidumu kizazi kimoja, kisha likabadilika. Shule, makanisa na ofisi za serikali ndizo zilizoligandisha hadi likawa jina la familia kwa watoto na wajukuu.

Sasa tazama hesabu inayotokea. Kiprugut alizaliwa mwaka 1938, wakati desturi hiyo ilikuwa hai. Babu yako, aliyeondoka kwao akiwa kijana katika miaka ya 1940, huenda alizaliwa miaka kumi na kitu kabla yake. Kama wote wawili waliitwa arap Chumo, basi ama baba zao walikuwa mtu mmoja, ama jina hilo limegongana tu. Hakuna njia ya katikati. Wangekuwa watoto wa ndugu wawili, mmoja angekuwa arap Chumo na mwingine angekuwa na jina la baba yake mwenyewe. Wangekuwa na babu mmoja tu, majina yasingefanana kabisa. Kwa maneno mengine, jina ambalo familia yenu imelishika kama ushahidi wa undugu wa mbali haliwezi kuthibitisha undugu wa mbali hata kidogo: linaweza kuthibitisha kwamba walikuwa watoto wa baba mmoja, labda wa mama tofauti, au lisithibitishe chochote. Na jambo la watoto wa baba mmoja ni rahisi kulichunguza, kwa kuwa hakuna mzee anayesahau nyumba za baba yake, idadi ya wake zake na mtoto gani alitoka nyumba gani.

Liko na tatizo lingine. Chumo si jina la mtu peke yake. Ni jina la ibinda pia, yaani rika la waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Marika yetu huzunguka na kurudi, na kila moja huchukua takriban miaka 15: Maina, kisha Chumo, kisha Sawe, na kuendelea hadi Nyongi, ndipo mzunguko uanze upya. Mtu aliyeulizwa na karani asiyejua Kikipsigis angeweza kulitaja rika lake, na karani akaliandika kama jina la baba. Kwa hiyo muulize shangazi yako kama baba yake aliwahi kusema yeye ni Maina, au Chumo, au rika lingine lolote. Wanaume wa enzi hizo walilitaja rika lao kwa fahari, na huenda mtoto alilisikia bila kuelewa.

Muulize pia kuhusu oret, yaani ukoo. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko jina. Oret hufuata upande wa baba, haubadiliki hata mtu akihama au akibadili dini, na kila oret una tiondo wake, mnyama au kitu ambacho ukoo huo hukiheshimu na ambacho hutajwa mtu anapojitambulisha: kuna wa simba, wa fisi, wa nyuki, wa jua, na wengine wengi. Watu wa oret mmoja hawaoani. Kama babu yako alisahau yote mengine, hilo hakulisahau. Je, alikuwepo mnyama ambaye alikataza watoto wamtupie mawe, au ambaye alikuwa akimtaja anapoapa? Swali kama hilo huamsha kumbukumbu ambazo swali la moja kwa moja kuhusu ukoo haliamshi.

Kuhusu kauli ya babu yako kwamba Kiprugut alikuwa mtoto wa kwao, naiamini kabisa, lakini usiibane iwe na maana moja. Mtu wa oret wake angekuwa mtoto wa kwao. Mtoto wa kokwet yake, yaani wa ujirani wake, vilevile. Na mtoto wa mtu aliyeingia naye jandoni, wakalala katika menjo moja, yaani kibanda cha jando, ni kama mtoto wake kabisa: desturi ilimkataza kumwoa binti wa rika mwenzake kama ilivyomkataza kumwoa binti yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, mwezi ule wa Oktoba 1964 Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na Mkipsigis yeyote aliyekuwa mbali na nyumbani alikuwa na haki ya kuchinja mbuzi.

---

Karani wa Zamani amejibu:

Ndugu Mjukuu, namuunga mkono Mwalimu, nami nitaongeza upande wa karatasi, kwa kuwa nilifanya kazi ya kumbukumbu kwa miaka mingi.

Jambo la kwanza ni mwelekeo wa utafiti. Usianze na Kiprugut ukashuka kutafuta mahali pa kumpachika babu yako. Anza na babu yako, kisha upande kwenda juu. Upande wa Kiprugut hauna shida, kwa maana maisha yake yako hadharani: shaba ya mita 800 Tokyo kwa muda wa 1:45.9, uleule aliopewa George Kerr wa Jamaica aliyekuwa wa nne. Dhahabu mbili za mita 400 na 800 katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville mwaka 1965. Fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka 1966. Na fedha Mexico mwaka 1968, alipoongoza mbio tangu mwanzo hadi Ralph Doubell wa Australia alipompita katika mita za mwisho na kuifikia rekodi ya dunia. Mlima uko upande wa babu yako, mtu aliyehama mara mbili na kubadili jina.

Ulicho nacho tayari ni kizuri. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kinachotaja jina la baba ni waraka ambao familia nyingi za makuli hazina. Angalia kama kinataja pia kabila, mahali alikotoka na jina la shahidi wa upande wake, kwa sababu mtu asiye na jamaa mjini mara nyingi alisimamiwa na mtu wa kwao. Ukimpata shahidi huyo, au watoto wake, umepata mlango wa pili.

Baada ya hapo tafuta kitambulisho chake. Kipande cha zamani, ambacho Mwafrika mwanamume alilazimishwa kukibeba tangu miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilifuatwa na sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1947 iliyohusu watu wa rangi zote, na baada ya uhuru kukawa na vitambulisho vinavyotaja wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo ya asili. Ukilipata jina la lokesheni ndogo, utafutaji wako unapungua kutoka eneo zima hadi vilima vichache, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa Wilaya ya Kericho ya wakati huo ilijumuisha hata sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Bomet. Cheti cha kuzaliwa usikitarajie. Usajili wa vizazi kwa Waafrika ulipanuliwa wilaya baada ya wilaya kuanzia miaka ya 1960, na ulienea nchi nzima mwaka 1971 hivi. Kama alibatizwa kabla ya kusilimu, jambo linalowezekana kwa kijana wa wakati huo, vitabu vya ubatizo vya misheni za Litein, Tenwek na Kaplong vinafaa kuulizwa. Vya Kikatoliki hasa huandika majina ya wazazi na ya msimamizi.

Kuna chanzo kimoja ambacho watafiti wa nasaba hapa kwetu hukidharau, nami sielewi kwa nini: matangazo ya vifo magazetini na kijitabu cha wasifu kinachogawiwa mazishini. Tangazo la kifo la Kenya humtaja marehemu kuwa mwana wa fulani na fulani, mume wa fulani, ndugu wa fulani na fulani, babu wa fulani, hata shemeji na wakwe. Hakuna waraka wa serikali unaoorodhesha ukoo kwa ukamilifu kiasi hicho. Kiprugut alizikwa mwaka 2022, na matangazo ya mwaka huo hayajapotea. Tafuta uone wazazi na ndugu waliotajwa, kisha ulinganishe na kumbukumbu za shangazi yako kuhusu shangazi na wajomba aliosimuliwa na babu. Jina moja likilingana, huenda ni bahati. Matatu yakilingana kwa mpangilio uleule, umefika mahali pa kuuliza wenyewe.

Kwa habari za miaka ya 1960, magazeti ya Kiswahili, Baraza na Taifa, yalifuatilia riadha kwa karibu, na nakala za magazeti ya zamani husomwa katika Maktaba ya McMillan na katika Nyaraka za Taifa, zote zikiwa katikati ya jiji la Nairobi. Usitarajie humo nasaba. Tarajia jina la kijiji na la shule, ambayo ndiyo unayoyahitaji.

Kuhusu picha yako, nakushauri uiweke mbali na hoja ya undugu kwa sasa. Kiprugut alikuwa mwanajeshi, ni kweli, lakini vivyo hivyo maelfu ya vijana wa Bonde la Ufa, na jeshi lilikuwa na michezo kila kikosi. Alama ya kofia au ya mshipi, kama inaonekana, itakuambia kikosi. Neno Chumo nyuma yake linaweza kuwa jina la mmoja wa wale wawili, la aliyepiga picha, au la aliyepelekewa, ambaye pengine ni babu yako mwenyewe.

---

Binti wa Makadara amejibu:

Ndugu yangu wa Likoni, mimi ni Mgoa wa Mombasa, mwenye asili ya Goa huko India, na nyumbani kwetu tulikuwa na hadithi ya namna hiyohiyo kuhusu Seraphino Antao, kijana wa Mombasa aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth mwaka 1962 na kuipatia Kenya dhahabu zake za kwanza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye na Kiprugut walikuwa katika timu moja Tokyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa jina hilo la Antao, na kila mtu mtaani alituchukulia kuwa jamaa.

Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na vitabu. Parokia za Goa zimeandika ubatizo, ndoa na vifo kwa karne nyingi, na jamaa aliyekwenda huko aliweza kufuata mstari wa bibi kizazi baada ya kizazi. Alichokikuta ni kwamba majina kama Antao, Fernandes na D'Souza yalitolewa wakati wa kubatizwa, mara nyingi yakifuata jina la padri au la msimamizi, hivi kwamba familia zisizo na damu moja zilitoka kanisani siku moja zikiwa na jina moja, na ndugu wa damu wakatoka na majina mawili. Jina halikusaidia. Kilichosaidia ni kijiji, na kijiji cha bibi yangu kilituongoza kwa watu wengine kabisa, wakulima na mabaharia ambao hakuna gazeti lililowahi kuwaandika.

Nakueleza haya kwa sababu ya jambo moja lililotokea nyumbani baadaye. Mama yangu alihuzunika, na kwa muda hakutaka kuusikia utafiti ule. Wazee huichukua hadithi ya namna hii kama sehemu ya heshima ya baba yao. Kabla hujamuuliza shangazi maswali ya Mwalimu, mweleze kwamba hutafuti kumkanusha, na kwamba unayemtafuta ni babu. Ukimuanza kwa jina la Kiprugut, atakujibu kuhusu Kiprugut. Ukimuuliza babu alikuwa akila nini, akiimba nini, akimwogopa mnyama gani, atakupa yale ambayo vitabu vya kwetu vilikuwa navyo na vya kwenu havina.

---

Daktari wa Maabara amejibu:

Kwa kuwa hakuna aliyegusa vipimo vya DNA, na najua swali litakuja, nitaeleza kwa ufupi.

Vipimo vinaweza kusaidia kama undugu ni wa karibu. Watoto wa ndugu wawili hushiriki kwa wastani asilimia 12.5 ya vinasaba vyao. Watoto wa watoto hao hushiriki asilimia 3 hivi. Kizazi kinachofuata hushiriki chini ya asilimia 1, na wengine hawaonyeshi mfanano wowote unaopimika ingawa undugu wao ni wa kweli. Kama babu yako na Kiprugut walikuwa watoto wa baba mmoja, kama hesabu ya Mwalimu inavyotaka, basi kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume bila kuchanganyika na ya mama, ingefanana katika mjukuu wa kiume wa babu yako na mjukuu wa kiume wa Kiprugut, mradi mstari wote ni wa wanaume. Hilo ni jaribio safi. Kuituma sampuli yako peke yako kwa kampuni ya nje hakutakufikisha popote, kwa sababu waliopimwa kutoka eneo letu ni wachache mno, na jibu utakalopata ni la eneo la Afrika, si la ukoo.

Lipo jambo zito zaidi. Jaribio hilo linahitaji familia ya marehemu ikubali kutoa sampuli, na hamna haki ya kuliomba hilo kabla ya kujulikana kwao kwa njia nyingine. Tena matokeo yanaweza kufichua mambo ya watu wengine ambao hawakuuliza chochote. Katika jamii za Kalenjini mjane aliweza kurithiwa na ndugu wa marehemu na watoto wakahesabiwa kuwa wa marehemu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isife, na watoto wakawa wa nyumba hiyo kihalali. Na watu waliochukuliwa kutoka kwa majirani, Wakisii hasa, waliingizwa katika koo wakawa wana kamili. Kipimo kitasema hao si damu moja. Ukoo utasema ni ndugu, na ukoo ndio wenye mamlaka ya kusema nani ni ndugu. Kwa hiyo amua kwanza ni undugu wa aina gani unaoutafuta.

---

Mjukuu wa Likoni ameandika:

Shikamoo Mwalimu, na shukrani zangu kwenu nyote. Nimekaa na shangazi jioni mbili na kufuata ushauri wa dada wa Makadara, nisilitaje jina la Kiprugut hata mara moja. Ameniambia mengi kuliko niliyowahi kuyasikia. Babu alikuwa akisema, hasa akikasirika, kwamba yeye ni Maina na Maina hawasukumwi. Sote tulidhani ni jina la mtu. Aliwakataza watoto kufukuza nyuki hata walipoingia ndani ya nyumba. Alisimulia juu ya mto alioogea akiwa kijana na kilima kilichokuwa ng'ambo yake, na shangazi anayakumbuka majina yote mawili, ingawa sitayaandika hapa. Aliwataja pia mama zake wawili, mkubwa na mdogo.

Binamu zangu wamekubali kuondoa walichokiandika mitandaoni. Ninachoomba sasa ni mwongozo wa namna ya kwenda. Je, niende moja kwa moja nyumbani kwa marehemu Kiprugut nikajieleze?

---

Mwalimu Mstaafu, Kericho amejibu:

Marahaba, mwanangu. Umepata mengi, tena yenye uzito. Kama babu yako alikuwa wa rika la Maina, basi Chumo iliyoandikwa katika cheti cha ndoa si rika lake, na yaelekea kweli ni jina la baba yake. Nyuki ni tiondo wa oret unaojulikana, na wazee watakuambia mara moja ni upi. Mama wawili maana yake ni nyumba mbili, na hapo ndipo swali lako lote lilipo: ikiwa Chumo wa babu yako ndiye Chumo wa Kiprugut, mmoja wa mama hao atakuwa mama yake Kiprugut au mke mwenza wa mama yake.

Usiende kwa marehemu kwanza. Nenda kwenye mto na kilima cha babu yako. Mwone chifu au naibu wake, umweleze kwamba wewe ni mjukuu wa mtu aliyeondoka katika miaka ya 1940 akaenda pwani, umtajie rika, tiondo na majina ya mama wawili, na umwombe akukutanishe na wazee wa oret huo katika kokwet hiyo. Jina la Kiprugut usilitaje mpaka wao walitaje. Wazee wakisikia kwamba unamtafuta mtu maarufu, wengine watakukubali kwa ukarimu na wengine watakukataa kwa tahadhari, na hutajua lipi kati ya hayo mawili lina ukweli. Wakisikia kwamba unamtafuta baba yao mdogo aliyepotea, watahesabu nyumba moja moja mbele yako. Na kama hesabu hiyo itamfikia Kiprugut, wao wenyewe watakupeleka kwake na kukutambulisha, nawe hutakuwa mgeni anayeomba.

Katika kumbukumbu zako, kwa wakati huu, andika maneno ya shangazi kama alivyoyasema, utaje kuwa ni yake na mwaka alioyasema, na mstari wa kuunganisha majina hayo mawili uuache wazi.

Mchukue shangazi yako kama afya yake inaruhusu, kwa sababu sura yake itamtambulisha kuliko karatasi zako. Beba cheti cha ndoa na ile picha. Nendeni Desemba, shule zikiwa zimefungwa na vijana wakiwa jandoni, maana wakati huo watu wa koo hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Nakuru, na wazee unaowahitaji huwa wamekaa pamoja.